Upangaji wa Ghala la Programu Huria: Mfano wa Debian na Hali ya Orodha za Maneno ya Kiswahili

Katika ghala la programu la mfumo huria wa Debian kimo kifurushi kidogo kiitwacho hunspell-sw. Ndani yake hamna programu inayoweza kuendeshwa. Mna orodha ya maneno ya Kiswahili, na pamoja nayo faili nyingine inayokieleza kikagua tahajia namna ya kuisoma orodha hiyo. Mwandishi anayetumia LibreOffice katika kompyuta yenye Debian, akishakisakinisha kifurushi hicho, huanza kuonyeshwa kwa mstari mwekundu maneno aliyoyakosea. Kama orodha haina neno fulani, hata neno sahihi lililotumiwa pwani kwa karne kadhaa hupigiwa mstari uleule. Kwa mtumiaji wa kawaida, basi, orodha hiyo ndiyo kamusi, na kimya chake kuhusu neno ni sawa na hukumu.

Wataalamu wa Kiswahili wamekusanya orodha nyingi za maneno, baadhi yake zikiwa zimehaririwa kwa miaka. Swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini orodha moja iwemo ghalani na nyingine zisiwemo. Ubora wa kazi ya kileksikografia una sehemu ndogo sana katika jibu. Jibu limo katika namna ghala lenyewe linavyopangwa, na hasa katika sentensi chache ambazo mkusanyaji wa maneno huziandika, mara nyingi bila kuzifikiria sana, kwenye ukurasa wa haki za kunakili.

Istilahi

Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini tu cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Hakuna mtu awezaye kufanya kazi ya ofisi kwa kiini peke yake. Huhitajika maelfu ya programu nyingine, zilizoandikwa na watu wasiojuana, zikusanywe, zipatanishwe na zisambazwe pamoja. Debian ni mojawapo ya mifumo inayofanya kazi hiyo ya kukusanya na kusambaza. Ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, na jina lake limeunganishwa kutokana na Debra, aliyekuwa mpenzi wake wakati huo, na Ian. Hutunzwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Toleo la 1.1, lililotoka mwaka 1996, lilikuwa na vifurushi 474. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi karibu 70,000. Ongezeko la kiasi hicho linatosha kueleza kwa nini upangaji umekuwa taaluma inayojitegemea.

Kifurushi ni faili moja iliyobeba programu au data, pamoja na maelezo yake: jina, namba ya toleo, mtunzaji wake, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila ya hivyo hakiwezi kufanya kazi. Uhusiano huo wa mwisho huitwa utegemezi. Mtumiaji anapoagiza kifurushi kimoja, programu iitwayo apt husoma utegemezi wake, na utegemezi wa vile vinavyotegemewa, hadi mnyororo ukamilike, kisha ikavileta vyote pamoja kutoka ghalani. Ghala, kwa hiyo, ni zaidi ya chumba cha kuhifadhia. Ni mtandao wa ahadi baina ya vifurushi, na ahadi moja ikivunjwa huweza kuangusha vifurushi mia.

Kuhusu neno huria, wasemaji wa Kiswahili wana nafuu. Neno la Kiingereza linalotumika kuzitaja programu hizi lina maana mbili, isiyolipiwa na isiyofungwa, na watetezi wake wamelazimika kwa miongo kadhaa kueleza ni maana ipi waliyoikusudia. Katika Kiswahili bure ni neno moja, na huru na huria ni maneno mengine. Programu yaweza kutolewa bure na isiwe huria hata kidogo. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mgawanyo wa kwanza wa ghala la Debian.

Mgawanyo kwa kigezo cha haki

Tarehe 5 Julai 1997 wanachama wa Debian waliidhinisha Mkataba wa Jamii, ulioandaliwa chini ya uongozi wa Bruce Perens, na ndani yake Miongozo ya Programu Huria yenye vifungu 10. Miongozo hiyo haisemi lolote juu ya uzuri wa programu. Huuliza mpokeaji ameruhusiwa nini. Je, aweza kuisambaza tena, hata kwa kuiuza? Je, amepewa msimbo chanzo? Je, aweza kuibadilisha na kuusambaza mwili uliobadilishwa? Kifungu cha 5 kinakataza leseni inayobagua watu au makundi, na cha 6 kinakataza inayobagua nyanja za shughuli, kama vile kuruhusu utafiti na kukataza biashara. Kifungu cha 8 ni cha uungwana wa aina yake: haki alizopewa mtumiaji zisitegemee kwamba programu imo ndani ya Debian. Ruhusa iliyotolewa kwa Debian peke yake haikubaliki, hata kama Debian yenyewe ingenufaika nayo.

Kutokana na vifungu hivyo vilipatikana maeneo matatu. Eneo la kwanza huitwa main, na humo huingia kila kitu kilichotimiza vifungu vyote na kisichohitaji kitu chochote kilicho nje ya eneo hilo. Eneo la pili, non-free, ni la vitu vinavyoruhusiwa kusambazwa lakini vinashindwa na kifungu kimoja au zaidi. Debian huvihifadhi katika seva zake kwa ajili ya wanaovihitaji, lakini inatamka wazi kwamba si sehemu ya mfumo wake. Vitu ambavyo hata kusambazwa haviruhusiwi havina eneo.

Eneo la tatu, contrib, ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kwamba mpangilio huu unahusu mahusiano pamoja na sifa za kitu chenyewe. Humo huwekwa programu iliyo huria kabisa lakini isiyoweza kufanya kazi bila ya kitu kisicho huria. Programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Java zilikaa humo kwa miaka, kwa sababu zilihitaji mashine ya Java ya kampuni ya Sun, ambayo haikuwa huria. Sun ilipoanza kuitoa Java chini ya leseni huria mwaka 2006 na 2007, programu hizo zilipata njia ya kuhamia main pasipo waandishi wake kubadilisha hata herufi moja. Hadhi yao ilikuwa imefungwa na uamuzi wa mtu mwingine, ikafunguliwa na uamuzi wa mtu huyohuyo.

Palikuwapo pia mgawanyo wa nne uliofuata jiografia. Sheria za Marekani za miaka ya 1990 zilizuia kusafirishwa nje programu za usimbaji fiche, nazo zikawekwa kwenye seva za nje ya nchi hiyo katika ghala lililoitwa non-US. Sheria zilipolegezwa, toleo lililoitwa Woody, la mwaka 2002, likaanza kuziingiza programu hizo katika main, na ghala lile halikuhitajika tena.

Mabadiliko makubwa ya karibuni yalikuja mwaka 2022. Vifaa vingi vya kompyuta, kama kadi za mtandao usiotumia waya, havifanyi kazi mpaka vipakiwe programu ndogo za ndani zinazotolewa na watengenezaji wake, na aghalabu programu hizo si huria. Mtu aliyesakinisha Debian kwenye kompyuta mpya angeweza kukuta haina mtandao, na faili ya kuurudisha mtandao huo imo mtandaoni. Kwa kura iliyomalizika tarehe 1 Oktoba 2022 Mkataba wa Jamii ulirekebishwa ili programu hizo ziruhusiwe katika nyenzo rasmi za usakinishaji, na kuanzia toleo la Bookworm, Juni 2023, zina eneo lao lililotengwa na non-free ya kawaida. Waliopinga waliona kwamba mlango umefunguliwa mahali pasipofaa. Hoja yao haikuwa nyepesi, lakini mfumo usioweza kusakinishwa haumpi mtu uhuru wowote.

Mjadala juu ya neno programu

Wanafunzi wa semantiki watavutiwa zaidi na yaliyotokea mwaka 2004. Mkataba wa 1997 uliahidi kwamba Debian itabaki kuwa programu huria kwa asilimia 100. Ahadi hiyo ilionekana wazi mpaka pale watu walipoanza kuuliza: programu ni nini? Kwa baadhi, ni maagizo yanayotekelezwa na kompyuta, na kwa hiyo miongozo ya matumizi, picha, miundo ya herufi na orodha za maneno hazimo. Kwa wengine, kila kilichomo katika diski ni mfuatano wa tarakimu zilezile, na mtumiaji anayekatazwa kurekebisha mwongozo amenyimwa uhuru sawa na anayekatazwa kurekebisha msimbo.

Pendekezo la kulifuta neno programu katika ahadi hiyo lilipelekwa kwenye kura likiwa na kichwa cha marekebisho ya kihariri, yaani usafi wa lugha tu, nalo likapita tarehe 26 Aprili 2004. Baada ya kura ndipo msimamizi wa matoleo alipoeleza matokeo yake: kwa maneno mapya, nyaraka na data nyingi zilizokuwa main hazikustahili kubaki humo, na toleo la Sarge, lililokuwa likingojewa kwa hamu, lisingeweza kutoka kabla ya vitu hivyo kuondolewa. Ikabidi ipigwe kura ya pili, ambayo iliahirisha utekelezaji hadi Sarge itoke. Sarge ilitoka Juni 2005. Ni nadra kupata mfano ulio wazi zaidi wa neno moja, lililofutwa kwa nia ya kunyoosha sentensi, likachelewesha kazi ya maelfu ya watu.

Mwaka 2006 suala likarudi kwa sura nyingine. Leseni ya nyaraka ya Free Software Foundation, shirika lililoanzishwa na Richard Stallman na ambalo ndilo mama wa harakati za programu huria, humruhusu mwandishi kuteua sehemu za kitabu ambazo hakuna atakayezibadilisha. Wanachama wa Debian waliamua kwa kura kwamba vitabu vya leseni hiyo ni huria iwapo havina sehemu kama hizo, na si huria vikiwa nazo. Mwongozo wa programu ya Emacs ulikuwa nazo. Hivyo Emacs yenyewe ilibaki main, na kitabu kinachoeleza matumizi yake kikahamishiwa non-free. Mtumiaji hupata programu kwa amri moja, kisha hujiuliza kitabu kimekwenda wapi.

Kwa watunga kamusi jambo hili lina uzito wa pekee. Kama tafsiri finyu ya neno programu ingeshinda, orodha ya maneno ingeweza kuingia main kwa masharti yoyote, maadamu inasambazika. Kwa kuwa tafsiri pana ndiyo iliyoshinda, orodha ya maneno ya Kiswahili hupimwa kwa vifungu vilevile 10 vinavyopima kiini cha Linux.

Mgawanyo kwa kigezo cha utayari

Mgawanyo wa pili hauhusiani na haki. Kifurushi kinapowasilishwa huingia kwanza katika daraja lisilotulia, ambalo huitwa Sid daima. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, desturi iliyoanza wakati Perens alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Pixar, na Sid ni yule mtoto wa jirani anayevunja vitu vya kuchezea. Kutoka hapo kifurushi huhamia daraja la majaribio chenyewe, bila ya mtu kukihamisha, kikitimiza masharti: kiwe kimekaa siku 2, 5 au 10 kwa kadiri ya uharaka uliotajwa na mtunzaji wake, kiwe kimejengwa kwa aina zote za mashine zinazohusika, kisilete kasoro kubwa mpya, na kuhama kwake kusivunje utegemezi wa kifurushi kingine. Daraja la majaribio likishatulia husimamishwa, husafishwa, na hatimaye hutangazwa kuwa toleo imara. Tangu Sarge jambo hili limekuwa likitokea takriban kila baada ya miaka miwili.

Neno imara limewapotosha wengi. Halimaanishi kwamba vilivyomo havina makosa. Maana yake ni kwamba havibadiliki, isipokuwa kwa marekebisho ya usalama na ya kasoro nzito, ili anayejenga kazi yake juu ya mfumo huo ajue atakachokikuta kesho. Neno la Kiswahili lililoandikwa vibaya katika orodha ya tahajia haliwi kasoro nzito kwa kipimo hicho. Likiingia katika toleo imara, kwa kawaida hubaki humo hadi toleo linalofuata.

Vigezo hivi viwili, haki na utayari, hukatana kama nyuzi za mtande na za mshindio. Kifurushi chaweza kuwa main na kisiwe tayari, au kuwa non-free na kikawa kimetulia kwa miaka 10. Watumiaji wapya huvichanganya, wakadhani non-free ni mahali pa vitu vibovu. Kosa hilo huwakumba hata wasomi, ambao huona kazi yao imewekwa nje wakadhani imedharauliwa.

Katika mfumo wa Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian kuanzia mwaka 2004, mambo hugeuka tena. Ubuntu, ambalo kwa asili ni neno la lugha za Kinguni lenye mzizi mmoja na utu ya Kiswahili, ina maeneo manne: mawili ya vitu huria na mawili ya visivyo huria, na katika kila jozi moja hutunzwa na kampuni ya Canonical na jingine hutunzwa zaidi na jamii ya watumiaji. Main ya Ubuntu, kwa hiyo, haina maana ileile ya main ya Debian. Huko Debian neno hilo hujibu swali la haki tu, na huku Ubuntu hujibu la haki na la nani anayewajibika. Watafsiri wanajua hatari ya maneno ya lugha mbili yanayofanana sura na kutofautiana maana, na hapa ipo hatari hiyohiyo.

Mahali pa faili

Mpaka mwishoni mwa mwaka 2000 kila toleo la Debian lilikuwa na saraka yake, na faili za vifurushi zilikaa humo. Kifurushi kilipopanda daraja, faili ilihamishwa, na seva zote za dunia zilizohifadhi nakala za ghala zililazimika kuipakua upya, ilhali ni faili ileile. Desemba 2000 ulianzishwa mpango mwingine. Faili zote huwekwa katika bwawa moja na hazihamishwi tena. Toleo si chumba tena bali ni faharasa, yaani orodha inayosema kwamba toleo hili lina kifurushi hiki cha namba hii, na faili yake inapatikana mahali fulani. Faili moja huweza kutajwa na matoleo matatu kwa wakati mmoja bila ya kunakiliwa. Daraja la majaribio lilianza wakati huohuo, kwani bila ya bwawa gharama ya kuhamahama kwa faili ingekuwa kubwa mno.

Ndani ya bwawa vifurushi hupangwa kwa herufi ya kwanza, na hapo wapangaji walikutana na tatizo ambalo mtunga kamusi ya Kiswahili analijua. Maktaba za programu, kwa desturi, huanza majina yake kwa lib, na ziko nyingi kiasi kwamba saraka ya herufi L ingefurika. Kamusi ya Kiswahili ingepata shida ileile kama vitenzi vingeorodheshwa kwa kiambishi ku-. Herufi K ingemeza robo ya kitabu. Watunga kamusi walikiondoa kiambishi wakaanzia kwenye shina. Wapangaji wa Debian hawakukiondoa, walikihesabu kuwa herufi moja pamoja na inayofuata, ndiyo maana zipo saraka za liba, libb, libc na kuendelea. Kanuni hii haiangalii maana, kwa hiyo LibreOffice, ambayo si maktaba, hupatikana chini ya libr kwa ajali ya jina lake tu.

Jambo la pili ni kwamba saraka hufuata jina la kifurushi cha chanzo, ambacho huweza kuzaa vifurushi vingi. Atafutaye hunspell-sw chini ya herufi H hatakiona. Kimo katika pool/main/libr/libreoffice-dictionaries, pamoja na kamusi za lugha nyingine nyingi zinazojengwa kutoka chanzo kimoja. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilifuata mantiki kama hiyo: atafutaye mpishi ilimpasa ajue kwanza kwamba neno hilo latokana na pika. Faida ni kwamba ukoo hukaa pamoja. Hasara humpata mgeni asiyejua ukoo. Debian imeikwepa hasara hiyo kwa faharasa, kwa kuwa apt husoma faharasa na mtumiaji hana haja ya kuijua saraka.

Faharasa hiyo ndiyo pia inayolinda ghala. Kwa kila kifurushi huandikwa tarakimu zilizokokotolewa kutokana na maudhui yake, ambazo hubadilika hata herufi moja ikibadilishwa. Faharasa zenyewe nazo hukokotolewa tarakimu zake, zikawekwa katika faili kuu inayotiwa sahihi kwa ufunguo wa Debian. Hivyo sahihi moja hukidhamini kila kifurushi, hata kikiletwa kutoka seva ya mtu asiyejulikana. Umuhimu wa jambo hili ulionekana Novemba 2003, seva kadhaa za Debian zilipovamiwa. Ghala lenyewe halikuguswa, lakini ilichukua kazi nyingi kulithibitisha hilo. Apt inayokagua sahihi ilikuja na toleo la Etch, mwaka 2007.

Orodha za maneno mbele ya mlango

Kifurushi chenye jina jipya hakiingii Sid moja kwa moja. Hungoja katika foleni, ambapo wasimamizi wa ghala, nao ni binadamu wanaojitolea, hukifungua na kusoma faili ya haki: nani aliyeandika kila sehemu, na kwa masharti gani. Hapo ndipo kazi za Kiswahili huweza kukwama, na masharti yanayozikwamisha aghalabu yameandikwa kwa nia njema kabisa.

Sharti la kwanza ni lile la matumizi ya elimu na utafiti tu. Mtaalamu huliandika ili mchapishaji mwenye fedha asije akajitajirisha kwa jasho lake. Kwa kifungu cha 6 orodha yake hukosa main, kwa sababu mwenye duka la kuuza na kutengeneza kompyuta Kariakoo asingeruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta anazouza. Leseni za Creative Commons zenye kipengele cha kukataza biashara zina matokeo hayohayo.

Sharti la pili ni la kutobadilisha. Hulindwa hapa heshima ya kazi na jina la mwandishi. Lakini orodha ya tahajia isiyobadilishwa hufa, kwa kuwa Kiswahili huongezewa maneno kila mwaka. Miongozo ya Debian haikupuuza hofu ya mwandishi. Kifungu cha 4 humruhusu kudai kwamba kazi iliyobadilishwa ipewe jina au namba tofauti na ile ya kwanza. Wengi wanaoandika sharti la kutobadilisha wangetosheka na hilo, kama wangelijua.

Sharti la tatu ni la hila zaidi: anayerekebisha orodha apeleke nakala ya marekebisho kwa taasisi iliyoikusanya. Kwa macho ya chuo kikuu hakuna ombi la haki kuliko hilo. Katika mijadala ya leseni ya Debian hutumika jaribio la kufikirika la mtu aliyekwama katika kisiwa, mwenye kompyuta inayotumia nguvu ya jua na asiye na mawasiliano. Yeye huweza kurekebisha programu na kumpa mwenzake wa kisiwani, lakini hawezi kupeleka chochote popote, na leseni inayodai hivyo humfanya mvunja sheria. Jaribio hilo si kifungu cha miongozo, lakini wanaochunguza leseni hulirejea mara kwa mara. Mwalimu wa shule isiyo na intaneti, anayeongeza majina ya samaki wa kwao katika orodha na kuigawa kwa wanafunzi wake, hana tofauti kubwa na mtu wa kisiwani.

Hali ngumu kuliko zote, hata hivyo, ni ya orodha isiyo na sharti lolote. Mkusanyaji ameiweka wazi, kila mtu anaichukua, na hakuna sentensi ya ruhusa. Kwa sheria za hakimiliki za nchi nyingi ukimya ni katazo. Orodha kama hiyo haiingii hata non-free.

Yapo yaliyofanyika kinyume cha haya. Mradi wa Kilinux, uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria. Watafsiri hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kubadilisha hata neno moja la menyu. Na orodha iliyomo katika hunspell-sw, yenye upungufu wake wote, imo main kwa sababu aliyeikusanya aliambatanisha nayo leseni huria.

Matoleo yanayostaafu hayatupwi. Huhamishiwa katika hifadhi ya kumbukumbu, na kwa kuongezea ipo hifadhi nyingine inayoweka ghala lote kama lilivyokuwa siku kwa siku kuanzia mwaka 2005. Kila neno lililoongezwa au kuondolewa katika orodha ya tahajia, na kila badiliko la leseni yake, limo humo likiwa na tarehe. Mtafiti anayetaka kujua kompyuta yenye Debian ililikubali lini kwa mara ya kwanza neno la Kiswahili anaweza kuipakua faharasa ya siku hiyo, akaitafuta namba ya toleo la kifurushi, akakifungua na kuhesabu.